Kuyeyuka, Kumumunyika na Kuungua: Uhakiki wa Vitenzi vya Kemia

Mjadala wa istilahi za sayansi katika Kiswahili umeelemea mno upande wa nomino. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilipotoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, ilijaza pengo kubwa, na haina budi kusifiwa. Hata hivyo, kemia ni elimu ya mabadiliko, nayo mabadiliko husemwa kwa vitenzi. Hapo ndipo penye upungufu.

Tuchukue kitenzi 'kuyeyuka'. Barafu huyeyuka juani. Chumvi nayo husemwa imeyeyuka majini. Katika hali ya kwanza, kitu kimoja kimetoka ugumu kikawa kiowevu. Katika ya pili, vitu viwili vimefanya mmumunyo. Kitenzi 'kumumunyika' kipo, na maana yake humwelea kila mtoto aliyewahi kutia peremende kinywani. Ziwa Simbi, karibu na Kendu Bay katika Kaunti ya Homa Bay, ni mfano mwema. Ziwa hilo la kasoko halina mto utokao. Jua huvukiza maji, na chumvi zilizomumunyika hubaki. Hakuna kilichoyeyuka, wala dutu mpya iliyozaliwa.

Dosari hii ingekuwa ya wanaisimu tu kama isingefika machimboni. Huko Macalder, Kaunti ya Migori, wachimbaji wadogo wametumia zebaki kukusanya chembe za dhahabu, kisha donge likatiwa motoni. Kazi hiyo huitwa 'kuchoma'. Kichomwacho huungua, na kilichoungua, katika fikira za msemaji, kimekwisha. Lakini zebaki haiungui. Huchemka kwenye nyuzi 357 za Selsiasi, ilhali dhahabu haiyeyuki kabla ya 1,064. Basi zebaki hutoka kama mvuke na dhahabu hubaki, mithili ya chumvi za Simbi. Mvuke huo huvutwa na aliye karibu na moto. Uliosalia hupoa, ukarejea kuwa zebaki ile ile juu ya paa na udongo. Badiliko la kikemia lenye hatari zaidi laweza kuja baadaye, majini, bakteria wa matopeni waigeuzapo kuwa methilizebaki, sumu inayozidi kukolea kutoka samaki mdogo hadi mkubwa. Msiba wa sumu hiyo ulidhihirika Minamata, Japani, mwaka 1956. Mkataba wa kimataifa wenye jina hilo ulianza kutumika mwaka 2017.

Huenda ikadaiwa kwamba neno halizuii mvuke. Ni kweli: kinachouzuia ni chombo kilichofungwa chenye bomba la kupozea. Lakini ni nani atakayegharimia chombo cha kunasa kitu anachoamini kimeungua?

Kwa hiyo tunapendekeza 'kuvukiza zebaki' badala ya 'kuchoma'. Aidha, kila nomino ya kemia iandamane na kitenzi chake pamoja na mfano kutoka mazingira ya wasemaji. Istilahi isiyomwonyesha mchimbaji mahali zebaki ilikokwenda haijatimiza kazi yake.