Alama za Kucha

Kwaresima iliyopita, Jumapili ya Tano, padri hakufika kigangoni kwetu. Injili ya Lazaro ikasomwa na katekista mzee ambaye siku hizi hapangwi mara nyingi, kwa kuwa vijana wanalalamika kwamba anachelewesha ibada. Alipofika pale Martha, dada yake Lazaro, anapoulizwa kama anasadiki, alinyamaza. Hakuwa amepotea mstari. Alikuwa anampa Martha muda wa kujibu, na sisi tuliokaa kwenye mabenchi tukajikuta tumeulizwa pia.

Ufundi wa namna hiyo nimeukuta mahali pengine pamoja tu, katika riwaya ya Dostoevsky, *Uhalifu na Adhabu*, ya mwaka 1866. Raskolnikov, kijana aliyewaua wanawake wawili kwa shoka, anaingia chumbani kwa Sonya, msichana anayeuza mwili wake ili watoto wa mama yake wa kambo wapate kula. Anamtaka amsomee habari za Lazaro. Agano Jipya lililomo chumbani mle, kuukuu na lenye jalada la ngozi, Sonya aliletewa na rafiki yake Lizaveta. Na Lizaveta ni mmoja wa wale wawili waliouawa. Sonya hajui ni nani anayemsomea. Muuaji anajua ni kitabu cha nani kinachosomwa.

Sonya anaanza, na sauti inamkwama mapema kabisa. Kusoma anajua, kinachomzuia ni kwamba maneno yale ndiyo siri ya roho yake, na kuyasoma mbele ya mtu ni kujivua. Kisha anashika nguvu. Anapofika kwenye siku ambazo Lazaro amekwisha lala kaburini, analikazia neno lile: nne. Anasoma mpaka maiti anatoka, huku akitumaini kwamba huyu asiyeamini anayemsikiliza naye ataamini papo hapo. Mwandishi mwenye haraka angemliza kijana pale pale, akampigisha magoti na kufunga sura. Dostoevsky anamwacha aondoke bila kutubu. Hata kuungama kosa lake kunangoja siku nyingine.

Sura hiyo ilimtesa Dostoevsky mwenyewe. Wahariri wa jarida lililokuwa likiichapa riwaya kwa mafungu waliikataa kwanza, akalazimika kuiandika upya. Lakini ndani yake alikuwa na kitu ambacho mhariri hakuweza kumnyang'anya. Desemba 1849 alisimamishwa uwanjani Petersburg ili apigwe risasi, akasamehewa dakika za mwisho, akapelekwa Siberia. Njiani, huko Tobolsk, wake wa wafungwa wa kisiasa waliomtangulia walimpa Agano Jipya. Alikaa nalo gerezani Omsk miaka minne, akililaza chini ya mto. Nakala hiyo ipo hadi leo, na katika kurasa zake kuna mistari iliyotiwa alama kwa kucha. Yohana ni kati ya vitabu alivyovitia alama nyingi zaidi. Nazifikiria sana kucha hizo. Hawezi kusoma upesi mtu anayekwaruza mstari kwa kidole chake, akijua kesho ataurudia ule ule.

Na habari yenyewe ya Lazaro ni habari ya kuchelewa. Yesu alipopata taarifa ya ugonjwa alikaa siku mbili zaidi pale alipokuwa, huku dada wawili wakitazama njia. Mwinjili hakuzificha siku hizo. Asiyezikaa pamoja na Martha, sijui anausikia vipi uchungu wa maneno anayomlaki nayo Bwana.

Siku hizi tunadai fundisho la hadithi kabla ya kuisikia hadithi. Mwanafunzi ananunua kitabu cha mwongozo, anakariri dhamira tano na sifa za wahusika, anafaulu mtihani, na riwaya yenyewe hajaifungua. Mimbarani ni vile vile: kisa kinafupishwa kwa sentensi tatu ili mhubiri awahi kwenye onyo. Tumejizoesha kuamini kwamba maana ya kiroho imo ndani ya kitabu kama kiini ndani ya kokwa, na kwamba mwerevu ni yule anayepasua mapema akatupa ganda. Dostoevsky anatukatalia mpaka ukurasa wa mwisho. Kule Siberia, Raskolnikov mfungwa anaitoa Injili ile ile chini ya mto wake, na hata wakati huo haifungui.

Riwaya hii ingewekwa kwenye mitaala yetu, mwongozo wake ungekuwa sokoni baada ya mwezi. Ungeandika kwamba Sonya ni alama ya ukombozi, na anayejibu hivyo angepewa alama zote. Kwamba kitabu alichokishika kilitoka mkononi mwa Lizaveta, mwongozo usingesema, na mwanafunzi asingekuwa na pa kulijulia hilo.