Jibu Linatoka Wapi?

Mwaka 1904, katika ua mmoja wa Berlin, watu walijazana kumtazama farasi anayejua hesabu. Mwenyewe, mzee Wilhelm von Osten, alikuwa mwalimu mstaafu wa hisabati, na alimfundisha farasi huyo, Hans, kwa subira anayofundishiwa mtoto, akimtuza mkate na karoti. Ukimuuliza tatu na nne ni ngapi, Hans alipiga mguu wa mbele chini mara saba, akatulia. Hakuna aliyetozwa hata senti kuingia.

Septemba mwaka huo kamati ya mwanasaikolojia Carl Stumpf ilichunguza ikasema hakuna hila. Na kweli haikuwepo: Hans aliwajibu hata wageni, bwana wake akiwa hayupo. Wengi wangefunga jalada hapo. Stumpf hakulifunga. Alimwachia kazi msaidizi wake, Oskar Pfungst, na alichokifanya Pfungst katika ua ule ndicho ninachokitaja kila ninaposikia watu wakidai kwamba saikolojia ni maneno matupu.

Pfungst hakuanza kwa kumtuhumu mtu. Alijiuliza jibu linatoka wapi: kichwani mwa farasi, au kwa yule anayeuliza? Akasimamisha hema ili watazamaji wasiingilie, akaandaa kadi za namba. Mara muulizaji aliisoma kadi kwanza. Mara alimwonyesha Hans bila kuitazama mwenyewe. Alipoijua namba, Hans alipatia kwa asilimia 98. Asipoijua, asilimia 8. Kisha von Osten akamnong'oneza farasi namba moja sikioni, Pfungst naye akanong'oneza yake, hata jumla ikawa haijulikani kwa binadamu yeyote pale. Hans akapotea. Alipozibwa macho kwa pembeni asimwone muulizaji alipotea vilevile, huku akipindisha shingo na kuvutana na hatamu apate kumwona.

Lile jaribio la kadi silichoki kulitazama. Halina mtambo wala gharama. Farasi ni yuleyule, ua uleule, karoti zilezile. Kilichobadilishwa ni kimoja tu, muulizaji kujua au kutojua, na kwa hicho kimoja kauli ya umati mzima ikaporomoka. Huo kwangu ni ufundi wa hali ya juu, sawa na wa seremala anayeunga mbao mbili bila msumari.

Baada ya hapo Pfungst aliacha kumtazama farasi akamtazama mtu. Muulizaji akimaliza swali huinama kidogo kuangalia kwato. Hesabu ikifika panapotakiwa, pumzi inamshuka na kichwa kinainuka kwa kiasi ambacho jicho la kawaida halikioni. Hans alikiona. Pfungst akahamia maabara, akajifanya yeye ndiye farasi: mtu anawaza namba, yeye anagonga kwa mkono akisubiri kichwa kiinuke. Kati ya watu 25 aliowajaribu hivyo, wawili tu hawakujifichua. Akagundua kwamba hata kichwa chake mwenyewe kilikuwa kikimpa Hans majibu pasipo yeye kukusudia.

Hapo ndipo ninapomheshimu zaidi. Kamati ilitafuta mwongo isimpate, kwa sababu hakuwepo. Kila mtu pale uani alisema kweli kama alivyoiona. Wema na uaminifu wa mtafiti haviwezi kukizuia kichwa kisichojua kwamba kinasogea. Kinachoweza ni mpangilio wa jaribio lenyewe, na mpangilio huo wa kuwaficha watu jibu leo ni kawaida katika majaribio ya dawa.

Chanjo ya malaria ya RTS,S ilipofanyiwa majaribio makubwa kuanzia 2009 katika nchi 7 za Afrika, Kilifi, Bagamoyo na Korogwe zikiwemo, wazazi hawakuambiwa mtoto amechomwa ipi, na waliowapima watoto homa hawakujua pia. Mama anayeamini mwanawe amekingwa huenda akachelewa kumpeleka zahanati. Daktari anayejua huenda akaiona nafuu anayoitarajia. Ili siri itunzwe, watoto wa kulinganisha nao ilibidi wapate sindano, nayo haikuwa maji matupu: wale wa miezi 5 hadi 17 walichanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa, ugonjwa ambao bado unaua vijijini kwetu.