Namna ya kumtambua anayejua kupima bei ya hisa

Ukitaka kujua kama mtu anaweza kweli kugawa fedha zake kwa kufuata bei za soko la hisa, usimuulize mwaka jana alipata faida kiasi gani. Muulize anapima nini. Asiyejua ataigawa bei ya hisa kwa faida ya mwaka mmoja tu. Kipimo hicho hupotosha pale kinapohitajika zaidi: mapema mwaka 2009 faida za kampuni za Marekani zilikuwa zimeporomoka mno, hata hisa zilizoshuka bei zikaonekana ghali. Mjuzi hutumia wastani wa faida ya miaka 10, baada ya kuondoa athari ya mfumuko wa bei, kama walivyofanya wachumi John Campbell na Robert Shiller mwaka 1988. Kwa kipimo hicho soko la Marekani lilifika takriban 44 mwishoni mwa 1999. Mwaka 1982 lilikuwa karibu 7.

Kisha tazama anavyouza, maana hapa ndipo wengi huharibu. Desemba 1996 Shiller aliieleza Benki Kuu ya Marekani kwamba hisa zilikuwa ghali. Hoja yake ilikuwa na msingi, lakini bei ziliendelea kupanda hadi Machi 2000. Aliyeuza zote wakati ule alikaa zaidi ya miaka mitatu akiwatazama wenzake wakitajirika, na wenye moyo wa kustahimili hilo ni wachache. Ndiyo maana naiheshimu sana kanuni ya mwekezaji Benjamin Graham: hisa zisipungue asilimia 25 ya akiba, zisizidi 75, na sehemu iliyobaki iwe hatifungani. Mwenye kuifuata anakubali kwamba kipimo kina la kusema kuhusu miaka 10 ijayo, ila kuhusu mwakani hakijui karibu lolote.

Viwango hivyo vya hisa na hatifungani viwe vimeandikwa kabla soko halijachafuka, ada na kodi zikiwa zimehesabiwa. Mpango unaobadilika kila mwezi siendelei kuusoma. Muulize pia analinganisha na wastani upi, kwa kuwa tangu miaka ya 1990 soko la Marekani limekuwa juu ya wastani wake wa karne nzima karibu muda wote. Anayesubiri lishuke hadi hapo hukosa mengi.

Na kabla hujamkabidhi mtu akiba yako, mwombe akuonyeshe alifanya nini Machi 2009, bei ziliposhuka kweli. Kama hata wakati huo alikuwa anauza, tafuta mwingine.