Lango Nyuma ya Nyumba: Jinsi Vichochoro vya Liverpool Vilivyofungwa

Aliyezizoea njia nyembamba za Mji Mkongwe wa Unguja, ambako baraza hutazamana na baraza na mpita njia hakosi wa kumsalimu, atapata taabu kukiwaza kichochoro cha Liverpool. Huko nyumba nyingi za karne ya 19, zilizoshikana ubavu kwa ubavu, ziliachiwa kwa nyuma ujia wa kuondolea majivu na taka. Na ujia huo, uliobanwa na kuta pande mbili, ukageuka kuwa mlango wa mwizi, kwani akishaingia humo haonekani tena, huruka ukuta wa ua kwa nafasi yake, akavunja mlango wa jikoni.

Sheria ya Uhalifu na Fujo ya Uingereza ya mwaka 1998, ambayo kifungu chake cha 17 kinaitaka halmashauri izingatie uzuiaji wa uhalifu katika shughuli zake zote, ndiyo iliyomthibitishia nafasi afisa wa usalama wa jamii: mtumishi asiyekuwa askari wala hakimu, ambaye zana zake ni ramani, daftari na subira.

Kazi yake ya kufunga vichochoro kwa malango huanzia kwenye ramani, kwa kutenga nyumba zilizovunjwa kwa nyuma na zilizovunjwa kwa mbele, maana mtaa ambao wezi huingia kwa barazani, lango la nyuma halitausaidia kitu. Lango lenyewe halina siri kubwa: chuma kirefu kumpita mtu, nondo zimesimama wima ili mguu usipate pa kukanyaga, zimeachana ili aliye ndani aonekane, na kitasa hufunguka kwa ufunguo pande zote mbili.

Kiini cha tadbiri hii, ambacho wenye kustaajabia chuma hukisahau, ni ridhaa ya majirani. Afisa hubisha hodi jioni, watu wakisharudi makazini, karatasi ya saini mkononi. Bibi mmoja huuliza pipa lake la taka litachukuliwa wapi. Jirani yake ni mpangaji, na mwenye nyumba yuko mji mwingine. Wa tatu huhofia nyumba ikishika moto, wazimamoto watapitaje. Kila suali sharti lipate jawabu kabla nguzo haijachimbiwa, na kila nyumba ipate ufunguo wake, kwani lango ambalo nusu ya majirani hawana ufunguo wake haliishi kuzuiwa kwa tofali ili lisijifunge, na lango la namna hiyo ni bora lisingewekwa.

Fauka ya hayo, njia ya umma haifungwi kwa matakwa ya mtu. Zamani ilibidi mahakimu wasadikishwe kwamba njia haihitajiwi, jambo gumu kuthibitisha ilhali watu wanaipita kila siku. Sheria ya mwaka 2000 ikaruhusu uhalifu wenyewe uwe hoja ya kufunga, na ile ya mwaka 2005 ikazipa halmashauri amri mahususi za malango.

Mwaka 2004 watafiti Kate Bowers, Shane Johnson na Alex Hirschfield walieleza kwamba katika sehemu za Liverpool zilizowekewa malango, uvunjaji wa nyumba ulipungua kwa takriban asilimia 37 ukilinganishwa na sehemu nyingine, na kwamba mitaa ya jirani, badala ya kurithi wezi waliozuiwa, ilipata nafuu pia. Mimi siipi nondo sifa yote. Naamini majirani waliokutana kwa ajili ya saini walijuana, na wanaojuana humtambua mgeni.

Chini ya sheria ya mwaka 2014 inayotumika sasa, amri ya kufunga kichochoro haizidi miaka 3 isipoongezwa muda, na haiongezwi pasipo mashauriano mapya. Basi afisa huirudia milango ile ile, akabisha tena.