Kamusi ipi ikae mezani Katuba?

Ukubwa wa kamusi huwadanganya wengi wanaonunulia maktaba. Kamusi ya padre Charles Sacleux, ya Kiswahili kwa Kifaransa, ilitoka Paris kwa juzuu mbili, 1939 na 1941. Kwa lahaja za pwani na majina ya mimea ni hazina. Lakini mwanafunzi wa Katuba, mtaa wa Lubumbashi, anayetaka maana ya neno moja kabla ya kuingia darasani atapotea humo. Hiyo iwekwe kabatini, itolewe kwa mtafiti.

Rafu ya rejea ya haraka hupangwa kwa kufuata maswali ya wasomaji. Katuba, Kiswahili cha Lubumbashi ndicho cha nyumbani na mtaani, huku masomo ya juu yakiendeshwa kwa Kifaransa. Maswali basi hutoka pande zote mbili. Kamusi ya Alphonse Lenselaer (Karthala, 1983) hujibu anayeanzia Kiswahili tu. Aliyeshika neno la Kifaransa haimfai.

Halafu kuna mpangilio, jambo ambalo wanunuzi hawalitazami kabisa. Frederick Johnson, katika kamusi yake ya Kiswahili kwa Kiingereza ya 1939, aliyaweka majina mengi chini ya kitenzi yalikotoka: mpishi umfuate kwenye pika. Mwanaisimu hufurahi kuukuta ukoo mzima pamoja, mtoto wa shule hufunga kitabu. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI (Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili), iliyotoka mara ya kwanza 1981, humweka mpishi kwenye herufi M. Kwa rejea ya haraka, hilo pekee linatosha kuipa ushindi. Ila ni ya Kiswahili sanifu. Bukari na maneno mengine ya hapa mkutubi ayaandikie daftari lake.

Majina ya vitabu nayo yana mitego. "Vocabulaire" ya André Yav ya 1965, aliyoichapisha Johannes Fabian mwaka 1990, si kamusi hata kidogo: ni historia ya Élisabethville, Lubumbashi ya leo, kwa macho ya watumishi wa nyumbani. Ikae kwenye historia.

Fedha zikitosha vitabu viwili tu, nunua ya TUKI na Petit Larousse illustré, yenye maneno na majina ya watu na nchi katika juzuu moja. Tazama mwaka wa toleo kwanza: la kabla ya 2015 haliwezi kukuambia kwamba Haut-Katanga ni jimbo. Lenselaer iwe ya tatu.