Paka Shume wa Mlango wa 8080

Faili la WAR, yaani programu ya Java iliyofungashwa, limefika, lakini fundi halipeleki moja kwa moja kwenye folda ya webapps. Analikopi kwanza pembeni, kwenye diski ileile, anasubiri hadi baiti ya mwisho, analinganisha ukubwa wake na ule wa asili, ndipo analihamisha kwa amri moja fupi.

"Mzee, mzunguko wote huo wa nini?" anauliza kijana aliyesimama nyuma yake.

"Paka asije akala kibichi."

Paka mwenyewe ni Tomcat, seva ya programu za Java, ambayo isipobadilishwa mipangilio yake hupitia folda hiyo kila baada ya sekunde 10 hivi. Ikikuta faili lililokopiwa nusu, huanza kulifungua hivyohivyo, na programu ya hospitali nzima ikagoma. Kuhamisha ndani ya diski moja, kwa upande mwingine, ni kubadili anwani tu: faili hutokea likiwa zima au halitokei kabisa.

Jina hilo lina kisa. James Duncan Davidson, aliyeanza kuiandika Tomcat akiwa Sun Microsystems, alitaka jina la mnyama kwa sababu vitabu vya kompyuta vya O'Reilly vilikuwa na mnyama jaladani, naye alitarajia chake. Akachagua mnyama anayejitafutia riziki mwenyewe; kwa Kiswahili, paka shume hasa. Mwaka 1999 Sun ikaikabidhi Apache. Kitabu cha Tomcat kilipotoka, jaladani alikuwa amekaa chui wa theluji.

Afrika Mashariki imemfuga paka huyu kwa muda mrefu. Kituo cha afya cha Mosoriot, magharibi mwa Kenya, kilianza kuweka rekodi za wagonjwa kwenye kompyuta mwaka 2001, kwa Microsoft Access. Miaka michache baadaye ikaja OpenMRS, mfumo wa rekodi hizo ulioandikwa kwa Java na kuendeshwa ndani ya Tomcat, na Februari 2006 ikaanza kazi Eldoret. Mwaka huohuo ikavuka hadi Rwinkwavu, Rwanda. Uzuri wa seva iliyo chumba cha pili ni kwamba intaneti ikikatika, karani bado anamwona mgonjwa wake kwenye skrini.

Lakini ufundi wenyewe uko kwenye kusoma logi. Fundi anafungua catalina.out na kuiacha itiririke, mikono magotini, kama mtu asikilizaye mashine ya kusaga. Anajua ni wapi mistari husita: pale programu inapobisha hodi kwenye hifadhidata. Ikisita kupita kawaida, anainua nyusi kabla kosa halijaandikwa. Na kosa likimwagika, mistari mia kwa mkupuo, hababaiki na ule wa juu unaopiga kelele. Anashuka, "Caused by" moja baada ya nyingine, hadi ya chini kabisa, kwa kuwa mara nyingi mchawi hukaa huko: nywila iliyokosewa herufi, au diski iliyojaa. Ukifika mstari wa "Server startup", anafungua kivinjari kwenye mlango wa Tomcat, 8080, kisha anaingia kama karani na kumtafuta mgonjwa mmoja. Bila hilo, kwake kazi haijaisha.

Siku hizi mara nyingi Tomcat huja imefungwa ndani ya programu yenyewe; zana ya Spring Boot ilieneza mtindo huo kuanzia 2014, kisha kontena zikafunika vyote viwili. Ni rahisi kweli, na hakuna anayelilia usiku wa kuhangaika na folda. Ila kijana akikutana na kosa huliondoa kontena na kuliunda upya, na logi iliyokuwa ndani yake, kama haikuhifadhiwa kwingine, huondoka pamoja na sababu. Wiki ijayo kosa linarudi, naye analipokea kama mgeni.

Fundi ana daftari gumu: tarehe, toleo, kilichoharibika, kilichoponya. WAR ya jana haifutwi. Huwekwa kando kwa tarehe yake, mpaka mpya izoeleke. Daftari hukaa juu ya kabati la seva. Juzi kijana alilitia chini ya mguu wa feni iliyokuwa ikiyumba.