Kuihamishia Adili na Nduguze Redioni: Uhuru wa Kisheria na Masharti ya Sikio

Ikisiri
Makala haya yanahakiki uwezekano wa kuirekebisha Adili na Nduguze (1952) ya Shaaban Robert iwe tamthilia ya redio. Hoja kuu ni kwamba kukoma kwa ulinzi wa hakimiliki humwondolea mrekebishaji kizuizi cha sheria, lakini hakumwondolei wajibu wa kuamua upya namna kisa kitakavyofahamika kwa sikio.

1. Utangulizi
Shaaban Robert alifariki mwaka 1962. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inailinda kazi katika uhai wa mtunzi na kwa miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa kipimo hicho, kazi alizozichapisha akiwa hai zimekuwa miliki ya umma nchini Tanzania tangu 2013. Njia nyepesi ya kuufaidi uhuru huo ni kumkabidhi kitabu msomaji mwenye sauti nzuri, kuongeza muziki, kisha kuyaita matokeo yake tamthilia. Makala haya yanaipinga njia hiyo, na shahidi wake wa kwanza ni Shaaban Robert mwenyewe.

2. Mrekebishaji aliyetangulia
Adili na Nduguze ni urekebishaji wa hadithi isiyo na mmiliki: kisa cha Abdullah bin Fadil na nduguze katika Alfu Lela Ulela. Harun al-Rashid amekuwa Mfalme Rai, mbwa wamekuwa manyani, na jini aliyewaadhibu ndugu wale amepewa jina la Huria. Badiliko kubwa zaidi limo katika hatima. Katika kisa cha Kiarabu, ndugu hao wanarudia usaliti hata baada ya kusamehewa, na mwisho wao ni kifo. Kwa Shaaban Robert, toba ya Hasidi na Mbaya inapokewa. Mtunzi alichukua muundo, akaipindua hukumu. Anayemfuata kwa uaminifu atarithi ujasiri huo wa kuamua, na wala hatakuwa mlinzi wa sentensi zake.

3. Kiboko gizani
Tukio linalofaa redio kuliko yote ni lile la usiku, Ikibali anapomshuhudia Adili akiwachapa manyani wawili na kuwalilia. Katika kitabu, msomaji anaambiwa mara moja kwamba wanaopigwa ni wanyama. Redioni yatasikika kwanza mapigo, kilio na sauti ya mtu anayesihi. Kwa muda, msikilizaji atadhani kwamba liwali mwema anatesa binadamu. Na kwa kuwa manyani hao ni nduguze kweli, dhana hiyo haitakuwa kosa tupu. Hivyo, swali linalofunikwa na maandishi linafunuliwa na sauti: je, mtu anayetekeleza adhabu kwa amri ya Huria anabaki mwadilifu kwa kuwa analia?

Hapa msimulizi hahitajiki. Adili anaeleza maisha yake mbele ya Rai. Masimulizi tayari ni kauli ya mtu anayejitetea mbele ya mwenye mamlaka. Mrekebishaji akimpa Rai maswali, shaka na ukimya, atakuwa na mchezo kamili.

4. Herufi kubwa haisikiki
Tuchukue mfano wa msikilizaji wa Buger, wilayani Karatu, ambako Kiiraqw, lugha ya Kikushi, ndiyo lugha ya nyumbani kwa wengi, na Kiswahili ni cha shule, soko na redio. Majina ya Shaaban Robert ni majina-sifa, na kwenye karatasi hutofautishwa kwa herufi kubwa. Sikioni, "ndugu Mbaya hakuja" na "ndugu mbaya hakuja" ni tungo moja. "Rai" itasikika kama maoni kabla ya kusikika kama mfalme. Zaidi ya hayo, uzito wa majina hautoshani: "Mbaya" linaeleweka papo hapo, ilhali "Ikibali" huenda likapita kama jina lolote. Mzigo wa istiari unapaswa basi kubebwa na sauti ya mwigizaji, miito ya kindugu na mpangilio wa zamu za usemaji.

Twende na Wakati, iliyoanza kurushwa na Redio Tanzania mwaka 1993, ilionesha uwezo wa mhusika kama Mkwaju, dereva wa lori, kutambulika kwa tabia na usemi wake. Hata hivyo, ile ilitungwa kwa ajili ya ujumbe uliokwisha kupangwa. Adili na Nduguze inadai zaidi: iache hukumu wazi mpaka toba isikike.

5. Hitimisho
Buger inatukumbusha jambo la pili. Waandishi wa redio wakiishiwa na Shaaban Robert, watageukia ngano za Wairaqw na slufay, utendaji ambao mzee huongoza na wasikilizaji huitikia. Kutokuwapo kwa jina la mtunzi kusidhaniwe kuwa ni kutokuwapo kwa mwenyewe. Sheria hiyohiyo ya 1999 ina sehemu inayolinda sanaa za jadi za jamii. Jina la Shaaban Robert litatajwa hewani hata pale sheria isipodai, kwa sababu limo jaladani. Wasimulizi wa Buger hawana jalada. Uhakiki wa tamthilia ya redio ukikaa kimya juu yao, hadithi zao zitasikika nchi nzima bila mtu kujua zilikotoka.